Injini Mbili za Senhor Luís

Kabati la dona Ermelinda lilikuwa limeshapandishwa kwenye tishali, na vitanda vilikuwa njiani kwenda gatini, Cassamo alipofika kununua gari. Senhor Luís, mpima barabara, alikuwa anahama Mocímboa da Praia na mkewe baada ya miaka kumi na moja. Vita ilikuwa katika mwaka wake wa tano. Barabara alizozipima zilikuwa zimejaa mabomu ya kutegwa, na kazi ya kupima nyingine haikuwapo.

Gari lenyewe lilikuwa lori kuukuu lililojengewa chumba cha mbao mgongoni: vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, dirisha lenye pazia. Mpima barabara alikuwa akilala humo akiwa porini. Cassamo alilitaka kwa sababu moja. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba watu wa mtaa wake watatiwa ndani ya kijiji cha seng'enge, na nyumba zitakazobaki nje zitachomwa. Karani, baada ya kutazama kwenye kitabu chake, alimwambia kwamba nyumba yenye magurudumu si nyumba, ni gari. Gari halihamishwi, linasafiri. Basi kwa gari hilo Cassamo angeweza kumchukua mama yake na mkewe, akafuata msafara wa jeshi mpaka Porto Amélia.

"Kuna injini mbili," senhor Luís alisema. "Utachukua moja."

Ya petroli ilikuwa ndani ya gari. Ya dizeli ilikuwa bandani, imekalishwa juu ya magogo. Nuro, fundi aliyezihudumia zote mbili, ndiye aliyeeleza.

"Hii ya petroli nyepesi, kaka, inawaka upesi. Lakini inakunywa kama mjomba wa bwana harusi, na petroli siku hizi ni ya kuombea kibali. Ile ya dizeli mvivu asubuhi, ila ikishashika haiachi. Tena malori yote ya jeshi ni ya dizeli. Ukikwama hukosi wa kukugawia."

"Basi ya dizeli."

"Ila ina mdomo."

Hilo mji mzima ulilijua. Mwaka wa kwanza wa vita jeshi liliazima gari lile kwa wiki mbili kuzolea watu. Liliporudishwa, injini ya dizeli ikawa kila inapowashwa inarudia yaliyosemwa mbele yake wiki zile. Dona Ermelinda alilalamika kwamba hawezi kunywa kahawa kwa raha. Senhor Luís aliwaandikia waliotengeneza injini, nao wakamjibu kwa heshima kwamba muda wa dhamana umekwisha. Ndipo akaing'oa na kutia ya petroli.

Bi Nuria, mama yake Cassamo, naye alilijua. Mwanawe mdogo, Rajabo, fundi cherehani, alichukuliwa katika wiki zile, na hakuna aliyemwambia alipelekwa wapi. Miaka minne alikataa hitima isisomwe. "Siusomei hitima uvumi," alikuwa akisema. Asubuhi ile, Cassamo akitoka, alimshika mkono.

"Lete ya dizeli, mwanangu. Hata ikienda polepole. Nataka inambie mwenzio wamemshusha wapi."

Nuro alipiga hendeli. Injini ikakohoa mara mbili, ikaanza. Sauti ya sajini ilisoma majina na wenyewe wakaitika. Armando, katekista wa Diaca. Felismina, muuza maandazi, ambaye aliitikia mara mbili kwa kuwa alikuwa na mimba. Dona Ermelinda alifunika kikombe chake kwa kisahani kwa ajili ya moshi. Kisha likatajwa jina la Rajabo.

"Nipo," alisema Rajabo, na mafua yake yale yale.

"Nani anamjua huyu?" iliuliza sauti ya mkalimani. "Mwenye kumjua aseme, tumshushe."

"Kaka," Rajabo alisema, "si uwaambie."

"Simjui," injini ilijibu, kwa sauti ya Cassamo.

Siku ile, sokoni, Cassamo alikuwa na leseni mpya ya duka mfukoni. Neno lile alilisema mara moja, tena si kwa sauti kubwa, na miaka yote minne aliamini kwamba limemezwa na ngurumo.

Injini iliendelea mpaka majina ishirini na sita, ikamalizia: kilomita ya kumi na nne, kisimani, shusheni wote. Baada ya hapo ilinguruma kama injini yoyote.

Nuro aliizima. Alifuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ile sauti," alisema.

"Watu hufanana sauti."

"Hufanana," Nuro alikubali.

"Nachukua ya petroli."

"Haya, kaka. Dereva ni wewe."

Senhor Luís aliandika hati ya mauzo bila kuuliza sababu. Alikuwa ameishi na injini ile miaka minne, na Cassamo alipobisha hodi asubuhi alimtambua kabla hajafungua mlango.

Nyumbani Bi Nuria alikuwa ameshakaa juu ya mzigo wake. Alilisikiliza gari likiingia uani mpaka likazimwa.

"Mbona haisemi?"

"Hii ya petroli, mama. Ile nyingine imepasuka."

"Imepasuka wapi?"

"Kichwa."

"Si ungenipeleka nikaisikilize hivyo hivyo ilivyopasuka?"

"Msafara unaondoka, mama."

Chamima, mkewe Cassamo, alimshika mama mkwe akampandisha, akamfungulia dirisha.

Msafara ulipitia Diaca kwanza kushusha chakula, nao ulikwenda kwa mwendo wa askari wanaochokoa njia kwa fimbo. Siku ya tatu, hapo Diaca, petroli ikaisha. Sajini wa msafara alikuwa na mapipa arobaini ya dizeli. Alimhurumia Cassamo kwa dhati. "Ungekuwa na ya dizeli ningekujazia sasa hivi," alisema, akapanda lori lake.

Wiki iliyofuata seng'enge ya kuzungushia Diaca ilipitishwa nyuma ya gari. Karani wa kuandikisha kaya aliyatazama magurudumu, akaagiza yang'olewe, akaandika: nyumba namba 214.

Baada ya mavuno, tajiri mmoja alileta mashine ya kusaga. Injini yake ilikuwa ile ya senhor Luís. Asubuhi ya kwanza wanawake walipanga foleni na vikapu vyao, Bi Nuria akiwa wa tatu. Mashine ikawashwa. Armando alipoitika, mjane wake aliyekuwa nyuma kwenye foleni alipiga ishara ya msalaba, akasogeza kikapu chake mbele. Bi Nuria alisikia yote, na Cassamo, aliyekuwa akiezeka kibaraza hatua sitini kutoka pale, naye alisikia. Mama hakuondoka kwenye foleni. Zamu yake ilipofika alisaga mahindi yake, akarudi, akachekecha, akasonga ugali, akampakulia Cassamo kwanza, kama siku zote.

"Kula, mwanangu. Unga wa leo laini."

Alikula.

Alhamisi ile Bi Nuria aliomba hitima isomwe. Foleni nzima ilikuja, hata Wakristo. Kwa kuwa baba yao alikuwa ameshafariki, pole ilipokelewa na mkubwa wa kiume. Cassamo alisimama mlangoni mwa gari, na kila mtu alimpa mkono, mmoja mmoja, akamwambia pole kwa kumpoteza ndugu yako. Naye alimjibu kila mmoja kwamba wameshapoa.

Senhor Luís na dona Ermelinda walifika kwao salama na kufungua duka la vitasa. Nuro alikanyaga bomu karibu na Mucojo mwaka 1971, alipokwenda kutengeneza pampu. Ndugu wa watu wale ishirini na sita waliomba kisima kifukuliwe, wakaambiwa ni eneo la jeshi. Vita ilipokwisha, barabara ilipimwa upya na kilomita zikahesabiwa kutoka upande mwingine, na hakukuwa tena na watu wawili waliokubaliana kumi na nne ni wapi. Bi Nuria alifariki Diaca mwaka 1973. Injini ilisaga miaka tisa zaidi, kisha ikauzwa kama chuma chakavu. Chamima alirudi kwa wazazi wake, hakueleza kwa nini, wala hawakumuuliza. Cassamo aliishi sana. Alifanywa mzee wa mtaa, aliitwa kupatanisha ndugu waliogombana, na kila alipoitwa alikwenda.