Njia ya Nne

Nilipofika kwa shemeji yangu, fundi redio, aliniambia mkewe, mdogo wangu, amesafiri. Kaenda kwa nani, kwa basi gani, hajui. Mimi nimezurura nusu ya maisha yangu, najua mtu anayesafiri huvaa viatu. Vya mdogo wangu vilikuwa nyuma ya mlango, jozi zote.

Shemeji alinichangamkia mno. Akanitania kwamba miguu yangu imeota magurudumu, akanikalisha kwenye chumba anachorekodia nyimbo. Dirisha kaliziba kwa godoro. Mezani ipo mashine yake ya zamani ya kaseti, ile yenye njia nne kwenye utepe mmoja: gita njia ya kwanza, besi ya pili, ngoma ya tatu, sauti ya nne. Kila njia ina kitufe chake cha kuipandisha au kuizima. Sauti aliimba mkewe. Shemeji akasema haikukaa vizuri, anaifuta leo leo na kuimba mwenyewe juu yake. Akatoka kununua betri.

Nilitaka kumsikia mdogo wangu tu. Nikavaa hedifoni, nikazima vyombo vyote, nikamwacha yeye peke yake. Aliimba vizuri sana. Alipomaliza, njia ya nne ilibaki ikirekodi. Bila shaka shemeji hakugundua, maana gita huendelea juu yake kwa muda mrefu. Nikasikia kiti kikisogezwa. Kisha mdogo wangu, kwa upole, kama anayembembeleza mlevi:

"Basi, siendi tena kwa kaka. Fungua mlango, mume wangu."

Kikafuata kishindo. Mlango ukafunguliwa. Zikatoka nyayo za mtu mmoja.

Nikasikia geti. Nikaitoa kaseti, nikavunja kile kijiplastiki cha mgongoni, ambacho kikikosekana mashine haikubali kurekodi. Nikairudisha.

Shemeji akaingia akinisimulia vituko vya muuza duka. Akakaa, akabonyeza kitufe chekundu. Kikagoma. Akabonyeza tena. Akaitoa kaseti, akapitisha kidole gumba kwenye tundu kilipokuwa kijiplastiki. Kicheko kikamwisha usoni. Akanyoosha mguu, akausukuma mlango ukajifunga.

"Shemeji, umesikia nini humu?"

"Yote," nikamwambia. "Mdogo wangu yuko wapi?"

Aliiweka kaseti mezani taratibu, akaanza kuvua saa.