Misumari ya Makoti

Dada yangu Borghild Tveit alikaa katika Bunge la North Dakota miaka ishirini na miwili, yote katika Kamati ya Elimu. Juzi tulipomzika, wenzake walisifu ripoti zake. Mimi nilikuwa nakumbuka siku aliyokuja kukagua shule ya kwetu Skarheim, Novemba ya 1986.

Shule ilikuwa na watoto kumi na mmoja, na mimi ndiye niliyeitunza. Tanuri la kupasha joto lilikuwa limepasuka, likitoa joto kidogo tu, na kama kamati ingejua, shule ingefungwa. Kwa hiyo nilichochea makaa mchana kutwa siku moja kabla, na alfajiri nikachochea tena.

"Mheshimiwa," nilimtania mlangoni, "umekuja kututembelea au kutukagua?"

"Nimekuja kunywa kahawa yako mbaya, Orrin."

Alitoa kipimajoto mkobani, akakiweka juu ya dawati, sio ukutani, kwa sababu watoto hawakai ukutani. Alikiacha hapo mpaka akamaliza kikombe. Kilisoma vizuri kabisa. Nikashusha pumzi.

Kisha akageuka kutazama nyuma ya darasa, kwenye misumari ya kutundikia makoti. Yote kumi na mmoja ilikuwa mitupu.

"Mbona hujavua koti, mama?" alimuuliza binti wa mbele, ambaye paji lake la uso lilikuwa limelowa jasho.

"Tumezoea," yule binti akasema.

Nilikuwa nimepasha joto jengo zima, nikasahau kuwaambia watoto wavue makoti.

Tulipotoka kwenye ujia aliniuliza, "Umeanza kuchochea lini?"

"Jana."

"Na wiki ijayo?"

"Ukiandika, wataifunga. Dada, tumesoma hapa."

"Tumesoma, ndiyo. Na wewe ulikaa darasani mwaka mzima umevaa koti langu. Umesahau mimi nilivaa nini?"

Nilikuwa nimesahau. Alivaa gunia la viazi ndani ya sweta.

Aliandika. Mwezi Mei shule ikafungwa, na watoto wakawa wanapelekwa kwa basi shule ya mjini. Sikusema naye mpaka mavuno yakaisha, ndipo alipokuja na chapati za viazi, akakaa jikoni kwangu bila kuomba msamaha. Nikamtengenezea kahawa.

"Bado mbaya," akasema.

Miaka miwili baadaye nilikwenda kurekebisha mlango katika shule ile ya mjini. Nje theluji ilifika magotini. Nilichungulia darasani nikamwona yule binti wa dawati la mbele, mikono ya shati ameikunja, anaandika. Nyuma yake makoti yalijaa ukuta mzima, yanadondosha maji.

Nilikusudia kumwambia Borghild. Kila alipokuja tuliongea habari za ngano, na mimi nikaona muda bado upo.