Midomo Sita Iliyookwa

Mgeni mpe jembe siku ya kwanza, maana ukisubiri ya tatu atakuwa ameshafanya urafiki na godoro. Mimi nilipewa langu kabla sijavua koti. Kilikuwa kisu kidogo cha kuchongea nta, na aliyenikabidhi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni, mwenye karakana ya kutengeneza meno ya bandia. "Keti pale dirishani," aliniambia, "nichongee gego." Nikachonga. Akaligeuza kwenye mwanga, akaguna, akaniletea taya zima.

Tangu siku hiyo jembe halijanitoka mkononi, na hapo ndipo ilipoanzia kesi.

Nilikuja ugenini na stashahada yangu ya ufundi wa meno na mkataba wa miaka mitatu. Mkataba ulikuwa unakwisha. Bosi alikuwa ameniwekea mwingine mezani, huu usio na mwisho, akanitaka jibu kabla ya Ijumaa, kwani nikikataa itambidi atafute mtu. Wakati huohuo, kule nyumbani, mjomba wangu mwokaji mikate alikuwa ameshavunja ukuta wa stoo ya unga na kunitengenezea chumba cha kazi ubavuni mwa tanuri lake. Hakuniuliza. Alimwita mchoraji, akachorewa jino kubwa jeupe ukutani, na chini yake maandishi mekundu: MTAALAMU WA MENO AMERUDI.

"Mjomba, sijarudi," nilimwambia kwenye simu.

"Na rangi haijakauka," alijibu. "Mtakutana."

Mama mdogo, ambaye hajawahi kupitwa na neno, alidakia kutoka nyuma kwamba jino lile linafanana na mto wa kulalia, na kwamba watu wawili wameshakuja kuulizia bei ya magodoro.

Nikisema sikuvutwa na kile chumba nitakuwa mwongo. Nililelewa ubavuni mwa tanuri lile. Najua saa kwa harufu yake. Kule sihitaji kumtajia mtu jina langu herufi kwa herufi, na nikichekesha watu wanacheka palepale, bila kusubiri nieleze. Huku nilikula mwaka mzima wa kwanza nikitabasamu kama picha ya pasipoti kwa sababu sikuelewa utani wa mtu yeyote.

Lakini mwaka wa pili nilikorofishana na fundi bomba kwa lugha yao. Alikuja kuziba bomba la jikoni kwangu, akaliacha linavuja vilevile, akataka kuondoka. Nikamsimamia mlangoni. Nilimpa maneno mpaka mengine nikayabuni, na alirudi chini ya sinki akiwa ananung'unika. Nilipofunga mlango nyuma yake nilirukaruka sebuleni peke yangu. Mtu akiweza kugombana mahali na akashinda, mahali hapo pameanza kuwa pake.

Halafu kuna habari ya mwimbaji. Alikuja karakana akiwa amepoteza meno ya mbele kwa kuanguka na baiskeli. Tangu utotoni alikuwa na nafasi katikati ya meno mawili ya juu, na karakana mbili kabla yetu zilimtengenezea meno yaliyobanana kama watu kwenye foleni. Alisema akijitazama kwenye kioo anamwona dada wa mtu mwingine. Lugha yao, pamoja na ukubwa wake wote, haina jina la kitu kile zaidi ya neno linalomaanisha hitilafu. Nikamwambia kwetu kinaitwa mwanya, kwetu ni pambo, na wapo watu waliooa kwa ajili yake. Nikamchongea wake. Alipovaa alicheka, akajitazama kiooni, akacheka tena. Siku hizi hawakosekani wateja wanaochungulia mlangoni na kuuliza, kwa matamshi yaliyovunjika viungo, "Yule wa mwanya yupo?"

Basi nilikuwa katikati hivyo, mguu huku na mguu kule, wakati Jumatano muuguzi mmoja wa kwetu aliyekuwa ametoka likizo nyumbani alipopita karakana na kuniachia kifurushi cha mjomba. Kilikuwa kimezungushiwa utepe wa gundi kiasi kwamba nilikifungua kwa msumeno wa kukatia plasta. Ndani mlikuwa na mikate midogo sita. Kila mmoja ulikuwa na mfuko wake na kikaratasi: Mama Mkubwa. Fundi Saa. Mwalimu Mstaafu. Jirani wa Kushoto. Jirani wa Kulia. Na wa mwisho: Mimi Mjomba Wako.

Nikasikiliza ujumbe wa sauti aliokuwa ameutuma. "Mpwa wangu, hao ndio wateja wako wa kwanza. Nimewabonyezesha meno kwenye unga mmoja mmoja, nikaoka ili alama zisiharibike njiani. Anza kazi hukohuko, ukija uje na meno yao."

Nieleze kwa asiyejua kazi yetu. Ili umtengenezee mtu meno, lazima kwanza uchukue chapa ya mdomo wake. Unamwekea kinywani uji maalumu ambao hukaza upesi, na sifa yake kubwa ni kwamba hauvimbi wala hausinyai. Mjomba, baada ya maisha yote mbele ya tanuri, aliukanda unga wake kama anavyoukanda kila alfajiri. Aliutia hamira.

Midomo ilikuwa imeumuka. Mama Mkubwa alikuwa na taya la punda. Fundi Saa alikuwa amezibika kabisa, kama mtu aliyekula kiapo cha kutosema. Bosi alivaa miwani, akachukua kipimo chake cha chuma, akampima Mwalimu Mstaafu kwa heshima zote.

"Huyu bwana," akatamka, "anaweza kumeza birika bila kugusa meno."

Hapo ndipo alipoingia Jitu. Jitu ni mwenzetu wa kumimina plasta ndani ya zile chapa, mtu mkubwa kama kabati na mpole kama pamba. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na macho yake yaliona mikate tu. Tulipogeuka alikuwa anatafuna.

"Umekula nini?" nikamuuliza.

"Mkate."

"Hebu nione kikaratasi." Nikasoma. "Jitu! Huyo ni mama yangu mkubwa!"

Akaacha kutafuna, mashavu yamejaa, uso umempauka. Nikamweleza. Akauliza kwa shida ateme au ameze.

"Meza," Bosi akamwambia. "Alipofika huyo mama, kumrudisha ni aibu zaidi."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni kwenye vumbi la plasta. Kisha kicheko kikaisha, nikabaki nimekaa, mkate wa mjomba mikononi. Watu sita walikuwa wamepanga mstari ndani ya duka la mikate, wakapanua vinywa vyao vyenye mapengo mbele ya watu, wakauma unga mbichi kwa ajili yangu. Nani mwingine duniani angenifanyia hivyo? Nikamwambia Bosi, kabla sijafikiri sana, kwamba nadhani nitarudi kwetu.

Hakunibembeleza. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni. "Sawa. Basi nifundishe mwanya kabla hujaondoka, nimfundishe atakayekaa dirishani."

Maneno yale yalinichoma kama chembe ya nta ya moto. Atakayekaa dirishani! Nikatazama kiti changu, taa yangu yenye shingo iliyopinda, visu vyangu vilivyopangwa nipendavyo mimi, na nikamchukia mtu ambaye hata hajazaliwa kazini. Usiku ule usingizi ulikuja kwa tabu. Na kitu kingine kilikuwa kinanikera, nikihesabu tena ile midomo: wa mama haumo. Mama, anayetafuna upande mmoja tangu nikiwa shule ya msingi! Watu husema nilisomea meno kwa sababu yake, na hawajakosea sana. Wake ndio ungekuwa wa kwanza.

Alhamisi, wakati wa mapumziko ya mchana, nilipiga simu ya video. Walikuwa wote dukani, simu wameiegemeza kwenye gunia la unga, kikao kamili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Midomo imefika? Imefaa?"

"Imefika. Ila imeumuka, mjomba."

Mama mdogo aliangua kicheko kabla ya wengine kuelewa. "Nilikwambia! Sikukwambia usitie hamira?"

"Unga bila hamira ni gundi," mjomba akasema.

"Na gundi ndiyo iliyotakiwa, kaka yangu!"

Mama Mkubwa akasogeza uso mpaka ukajaa kioo chote. "Wangu umetokaje, mwanangu?"

"Wako... umependwa sana, Mama Mkubwa."

Nyuma yangu Jitu, asiyejua tunazungumza nini, akapunga mkono.

"Na huyo ni nani?"

"Mwenzangu wa kazini."

"Ana mashavu mazuri. Anaonekana anakula."

"Anakula, Mama Mkubwa. Anakula sana." Nikakohoa. "Mama yuko wapi?"

Simu ikazungushwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, anakunja mifuko ya mikate, hana haraka.

"Mama, mdomo wako sikuuona."

"Sikubonyeza."

"Aligoma!" mjomba akapaza sauti. "Nimemshikia unga mpaka mkono umekufa ganzi, amefumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa!"

"Kwa nini, mama?"

Alikunja mfuko mmoja zaidi kabla hajanijibu. "Hao wamebonyeza meno tu. Mimi ningebonyeza, ungejua nakuita, na wewe nakujua, ungekuja mbio. Sitaki uje kwa sababu ya magego yangu. Haya, niambie. Hapo ulipo, unapataka?"

"Napataka, mama."

Lilitoka lenyewe, kama mbegu ya chungwa.

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Mrefu."

"Basi kaa."

"Na meno yako?"

"Nitayaleta mwenyewe, yakiwa kinywani. Nauli utatuma wewe uliyeng'ang'ania mbali. Utanitengeneza, nitakuona unavyoishi, nitarudi kwangu. Mimi si wa kuhama."

Nikamwashiria Bosi, akaniletea mkataba na kalamu. Niliusaini palepale, simu inatazama, mkono umetulia kuliko ninapochonga. Jitu akapiga makofi. Bosi alijidai anatafuta kitu kwenye droo.

Upande wa pili, mjomba alikuwa amevua kofia yake ya kazini. "Mkataa kwao mtumwa," akasema, na safari hii hakuwa na utani.

"Sijakataa kwetu, mjomba. Nimepata na kwingine."

"Na ukuta wangu?"

"Weka magodoro," mama mdogo akamwambia. "Mto tayari unao."

Walicheka wote, hata mjomba midomo ilimcheza. Lakini alikuwa ameumia, na ana tabia ya kutokubali jambo liishe mpaka mtu ainame. Akaketi wima. "Sawa, tumesikia. Ila umeniaibisha mbele ya mtaa. Omba radhi hapa mbele ya kikao, yaishe."

"Mwombe tu, mwanangu," Mama Mkubwa akanibembeleza. "Ni kineno kidogo."

Kweli ni kidogo, na kwetu huombwa kama chumvi. Mtu akikukanyaga, unaomba wewe. Ningeweza kukitoa bila kuhisi kitu. Lakini kuomba radhi ni kukiri kosa, kosa lina adhabu, na adhabu ya hili naijua: ina tanuri upande wa kulia na jino kubwa ukutani. Mwaka hata hauishi ningekumbushwa kwamba nilikiri. Na mimi sikumwahidi mtu, sikumwambia mtu avunje ukuta, sikuiba. Nimependa kazi yangu na mahali ninapoifanyia, basi. Nikamtazama mama. Alikuwa anakunja mifuko, kichwa chini, anatabasamu upande ule mmoja.

"Mjomba," nikasema, "nakupenda, mikate yako naiota, na nikija likizo nitaupaka ukuta huo rangi kwa mkono wangu. Lakini radhi siombi."