Mgeni Mzito wa Makoko

Matrida Werema alikuwa msomaji wa habari katika redio ndogo mjini Musoma. Siku aliyotangaza kwamba choo kipya cha soko kimezinduliwa kwa ngoma na utepe ilhali hakina shimo, alimkasirisha Bwana Boniphace, afisa wa serikali aliyeukata huo utepe.

Kesho yake afisa akaja redioni na kalamu nyekundu.

"Kuanzia leo sitaki maneno ya kushtua wananchi," alimwambia Mzee Felisian, meneja wa redio. "La sivyo naifunga hii stesheni."

Mzee Felisian alikuwa mtu mwema lakini mwoga. Akaipokea kalamu kwa mikono miwili. Wiki hiyo umeme ulipokatika, Matrida alisoma kwamba mji umepata utulivu wa taa. Daraja lilipobebwa na maji, alisoma kwamba daraja limesafiri. Wasikilizaji wakapiga simu kuuliza limesafiri na nani.

"Tulikuwaga tunaaminiwa, mzee," Matrida alilalamika. "Sasa tunachekwa."

"Vumilia, mwanangu. Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

Alhamisi asubuhi kiboko dume alitoka ziwani, akapanda hadi mtaa wa Makoko na kulala katikati ya barabara. Matrida akaandika haraka: "Kiboko hatari yuko Makoko. Kaeni mbali." Mzee Felisian akakata "hatari". Akafikiri. Akakata na "kiboko".

"Mzee, watu wataumia!"

"Weka mgeni mzito."

Basi ikasomwa hivi: "Mgeni mzito amewasili Makoko bila taarifa. Amepumzika barabarani. Wananchi wanaombwa kumpisha." Matrida alizima maiki.

Bwana Boniphace alikuwa Bunda kwenye semina, akaisikia habari hiyo kwenye simu yake. Mgeni mzito! Bila taarifa! Huyo ni bosi kutoka Dodoma, na yeye hayupo! Akakodi teksi. Walipopita njia panda ya Butiama alikuwa bado anafunga tai na kujaribu hotuba. Huko Makoko, akina mama wa kwaya nao walishavaa sare na kujipanga nyuma ya kona, mgeni mwenyewe hawajamwona.

Afisa akashuka, akatangulia mbele ya kwaya, akakata kona akiinama kwa heshima, mikono ameinyoosha. "Karibu sana, mheshimi..."

Kiboko akafungua mdomo.

Kwaya ilitimka kwa sauti zote nne. Afisa alijikuta juu ya paa la kibanda cha kuuzia samaki aina ya sato, kiatu kimoja hakipo. Kiboko akaanza kujikuna kwenye nguzo, kibanda kikayumba. Afisa akapiga simu redioni.

"Dada Matrida, tangaza! Sema ni kiboko! Sema hatari! Sema kila kitu!"

"Na kalamu nyekundu?"

"Itupeni!"

Mzee Felisian aliivunja kwa nguvu mpaka wino ukamrukia shati zima. Matrida akafungua maiki, akasema ukweli wote: kiboko yuko wapi, watu wapite njia ipi. Muda si mrefu barabara ikawa tupu. Watu wa wanyamapori wakaja, wakamrudisha mnyama ziwani, na hakuna aliyeumia.

Jioni Bwana Boniphace alikuja studio akichechemea.

"Ningeua watu kwa kalamu yangu," alisema hewani. "Nikikosea, nitajeni."

Matrida akaivuta karatasi yake. "Na hili la kupanda paa nilisome?"

Afisa aliinamia maiki. "Lisome. Ila useme paa lilikuwa refu."

Matrida akasoma kwamba lilikuwa fupi.