Nyumba Iliyokuja Kutafuta Wakili

Jana mchana niliota, nikiwa nimelalia faili la Bi. Zuhura Mkumbo baada ya kushiba ugali kupita kiasi. Naomba nisihukumiwe. Faili lenyewe lilikuwa jembamba, na saa nane na nusu tulitakiwa mahakamani.

Ofisini kwetu kila wakili hupewa kesi moja ya mtu asiye na uwezo, wala haulizwi kama anaitaka. Mimi niliangukiwa na huyu mjane wa fundi Kitundu. Shemeji yake anamtoa kwenye nyumba, anasema marehemu aliijenga akiwa kapera, kwa hiyo mke hana jasho lake pale. Bi. Zuhura anasema walioana mwaka tisini na sita, wakajenga pamoja miaka miwili baadaye. Tulimwambia alete karatasi, hakuwa nazo. Mafundi walioshuhudia wote ni marehemu. Moyoni nilishaanza kumwandalia maneno ya pole, na naona aibu kulisema hilo.

Basi ndotoni mlango unagongwa, inaingia nyumba yake. Inainamisha paa isijigonge, inakaa kwenye benchi la wateja, udongo unadondoka sakafuni.

"Nimesikia hapa mnasaidia bure," inasema.

Nikaiambia ndiyo, ila lazima ijaze fomu. Ikajaza. Penye jina iliandika Nyumba, penye makazi ikaandika Humuhumu. Fomu niliiona iko sawa, nikachukua muhuri.

Nagonga muhuri, na tayari tuko mahakamani. Hakimu ni timazi, kile chuma cha mafundi kinachofungwa kwenye uzi. Amening'inia kutoka darini na hayumbi upande wowote. Shemeji amekaa mbele, amevaa koti, ameshika kufuli jipya mapajani.

"Mashahidi wote watoke nje, wasisikilizane," anaamuru hakimu.

Ndivyo utaratibu unavyotaka, kwa hiyo sikuweka pingamizi. Mlango ukajing'oa kwenye bawaba, ukatoka. Madirisha yakafuata. Mabati yalitoka moja moja kwa adabu, kila moja likimwinamia hakimu. Mafiga matatu yakatoka yameshikana mikono. Kuta nazo zikasema zimeona mengi, zikaondoka. Mwisho Bi. Zuhura alibaki peke yake juani, na ndoo yake, hana pa kuingia, na utaratibu ulikuwa umefuatwa wote. Roho iliniuma.

"Kuna shahidi mmoja hajatoka," hakimu anasema. "Kwa nini?"

"Nikitoka mimi, mama huyu hatakuwa na pa kurudia," kinajibu kizingiti, chini ya miguu ya Bi. Zuhura.

Nainama nikitazame. Hapo mahakama imeshakuwa kiwanja, jua la Singida linawaka, na Bi. Zuhura ni msichana anayetua ndoo ya maji kichwani, nywele zimejaa mchanga. Saruji ya kizingiti bado mbichi. Kitundu anamshika mkono, wanaandika kwa msumari mmoja huku wanacheka. Mimi niko pembeni na tai yangu, sina hata mwiko.

"Wakili," kizingiti kinaniambia, "unanisoma, au nikauke?"

Nikainama zaidi, nikateleza, nikajishikiza kwa kiganja kwenye saruji ile mbichi.

Nilipozinduka ilikuwa saa nane kasoro kumi. Bi. Zuhura alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, kanga mbili kajitanda vizuri. Alinikuta nimelala akaona asinisumbue. Nilimwomba radhi, kisha nikamwuliza:

"Mama, kwenye kizingiti chako kuna maandishi gani?"

Aligeuka kunitazama.

"Majina yetu na tarehe. Mwaka wa tisini na nane. Tuliandika wenyewe saruji haijakauka. Nimeweka mkeka juu yake, watu wasipakanyage." Akashusha macho. "Nyie mliniuliza karatasi tu, mwanangu."

Nikamwambia leo tutamwomba hakimu aje kwake, mkeka uondolewe, asome mwenyewe. Bi. Zuhura alifunika uso kwa kanga.

Nikachukua kalamu niandike ombi. Nilipokunja kiganja kuishika, saruji iliyokauka ikapasuka mkononi mwangu na kudondokea kwenye faili. Bi. Zuhura akaipangusa kwa ncha ya kanga, bila kuuliza imetoka wapi.