Upande wa Njano

Fundi alikunja gunia mara mbili, akaliweka chini ya miguu ya cherehani ili isigonge sakafu, kisha akafunga dirisha na kuning'iniza shuka juu yake. Ilikuwa saa nne asubuhi na bati lilikwisha kupata moto. Alifuta mikono kwenye gauni kabla ya kugusa kitambaa, maana jasho huacha doa, na yale yalikuwa mashati ya shule, meupe. Mwenyewe angeyafuata kwa mlango wa nyuma, kama mtu anayechukua mali ya wizi.

Alikanyaga taratibu. Cherehani ya kukanyaga haitaki taratibu, uzi hukatika. Ukakatika. Alilamba ncha, akautunga upya, na hapo, upande wa pili wa ukuta, akasikia kicheko.

Kilikuwa cha mdogo wake. Huyo alikuwa msusi, na kwake mlango ulikuwa wazi, dirisha lilikuwa wazi, redio ilikuwa ikiimba, na wanawake watatu walikuwa barazani kwenye benchi, wakingoja zamu na kuwasema wasiokuwepo. Hakuna askari aliyewauliza kitu. Wao walikuwa upande mwekundu.

Nyumba ilikuwa moja. Marehemu baba yao aliijenga kwa mikono yake, na alipoona siku zake zimekaribia akatia ukuta katikati, akawaambia binti zake kila mmoja achukue upande, wasije wakagombana. Hati ilibaki moja, kiwanja namba arobaini na saba, kwa kuwa kuigawa hati ni safari ya ofisi nyingi, na mzee hakuwa tena na miguu ya safari hiyo. Kwa miaka kumi na tisa mkubwa alishona upande wake na mdogo alisuka upande wake, na ule ukuta haukuwa na kazi zaidi ya kuegemezwa vitanda.

Ndipo halmashauri ikaleta ramani mpya ya mji. Ilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya mipango miji, nyekundu kwa biashara, njano kwa makazi. Aliyepiga mstari alianzia kona kuu akaja nao moja kwa moja, mpaka ukapita juu ya ukuta wa marehemu baba. Karani wa leseni alimweleza Fundi kwa upole, akiigeuza ramani ndogo ya mezani ili aione vizuri, kwamba kwake sasa ni makazi. Kwenye makazi watu hulala, hupika, hulea watoto, lakini hawashoni nguo za watu. Alimpa pole. Alisimama hata kumfungulia mlango.

Fundi aliendelea kushona, kwa kuwa hakujua kazi nyingine. Askari wa halmashauri wakaja wakabeba kichwa cha cherehani, kikakaa kwao siku tisa. Mdogo wake ndiye aliyekwenda kukiomba. Alirudi amejitwika kichwani, amekifunga kwa kitenge chake kizuri, na doa la mafuta ya mashine halikutoka tena kwenye kitenge kile. Fundi alimshukuru. Alimshukuru kwa dhati, na papo hapo akahisi kitu kikimchoma chini ya kifua, kwamba yeye aliyembeba yule mgongoni, yeye aliyechapwa fimbo za makosa yake mara ngapi, leo ndiye wa kuombewa.

Mdogo wake hakuishia hapo.

"Dada, lete cherehani kwangu. Baraza inatosha, na huku hawakugusi."

"Na wateja wako wakae wapi?"

"Watabanana. Kuna mmoja tu anayekaa kama wawili, na huyo huja Ijumaa."

Fundi alicheka bila kupenda, akahamia. Mdogo wake alimpa kiti chenye mgongo, mwenyewe akabaki na kigoda. Kila aliyekuja kusuka aliambiwa, huyu ndiye dada yangu, nguo yako ikichanika usiende mbali. Mwanga wa pale barazani uliangukia sindano vizuri kuliko ulivyopata kuiangukia upande wake, na Fundi aliliona hilo tangu siku ya kwanza, na hilo nalo likamwuma.

Siku ya nne akaja mwanamke mgeni mwenye haraka. Kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa, alivua koti jepesi akalitupa mapajani kwa Fundi bila kumtazama.

"Mwambie msaidizi wako anitilie kifungo hapo," alimwambia msusi.

"Si msaidizi. Ni mkubwa wangu."

"Haya, mkubwa wako. Kifungo tu."

Fundi alikitia. Alikitia kwa uangalifu, akauzungusha uzi mara sita shinani, akaukata kwa meno, akalikunja koti na kulirudisha kwa mikono miwili. Jioni alimwambia mdogo wake kwamba mgongo unamsumbua, akaburura cherehani kurudi kwake. Mdogo wake alimsaidia kuibeba mpaka ndani.

Tangu hapo akawa anasikiliza. Alijua ni nani ameingia kwa namna anavyovua viatu. Alijua kioo kipya kilipopigiliwa misumari, na kwamba kilikuwa kikubwa, maana misumari ilikuwa minne. Alijua mdogo wake ameanza kuimba akiwa peke yake. Hakumtakia mabaya. Alitaka tu aache kucheka kwa muda kidogo.

Chini ya ramani kule kwenye ubao kulikuwa na maandishi kwamba mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Siku ya ishirini na sita Fundi alikaa kwenye meza ya kukatia, akaandika. Alieleza habari za baba, za ukuta, za miaka kumi na tisa. Aliomba mstari usogezwe ili upande wake nao uwe mwekundu. Barua ingeweza kuishia hapo. Lakini upande wa pili wakacheka tena, na mdogo wake ndiye aliyecheka zaidi, na kalamu ilikuwa bado mkononi. Akaongeza: Si haki nyumba moja, damu moja, mmoja apate na mwingine akose. Kama ni kukosa, tukose wote.

Aliitwa baada ya wiki mbili. Afisa wa mipango miji alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti ya chini, na alimletea glasi ya maji yeye mwenyewe, hakumtuma mtu. Fundi akawaza kwamba huyu alilelewa vizuri. Kando yake alikuwa Diwani, mwenyekiti wa kamati ya mipango, ambaye mji mzima ulimjua kwa lile jengo lake jipya la ghorofa pale kona kuu. Lilikuwa na vyumba ishirini vya maduka, na vyote ishirini vilikuwa vimefungwa, kwa kuwa kila mwenye biashara mtaani alikuwa na baraza yake.

"Katika mtaa mzima, mama, ni wewe peke yako uliyeandika," Afisa alisema.

"Wengine wanaogopa," Diwani alisema. "Mama huyu ana moyo."

Ilikuwa siku nyingi hajasifiwa. Fundi akakaa vizuri kwenye kiti.

Afisa aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa barua. "Hapa unasema nini, mama? Nisije nikakuelewa vibaya."

"Nasema tuwe sawa."

"Wewe na mdogo wako. Rangi moja."

"Rangi moja, mwanangu. Nyekundu."

"Nyekundu umeandika huku juu. Huku chini umeandika mkose wote. Yote mawili ni maneno yako?"

Angeweza kueleza kwamba lile la chini ni la hasira. Lakini ingebidi aeleze hasira ya nini, na mbele ya wanaume wawili wenye viatu vilivyong'arishwa hilo lilikuwa sawa na kujivua nguo. Akasema ndiyo, ni yake yote.

"Basi tuwekee sahihi na hapa," Afisa alisema, akamwonyesha kando ya sentensi ile. Diwani akamsogezea kalamu yake, nzito, ya wino mzuri. Fundi alipoinuka, Diwani akamshika kiwiko asijikwae kwenye waya wa feni.

Ramani ya pili ilibandikwa siku ya Alhamisi. Sasa mtaa mzima ulikuwa wa njano, kuanzia kwa Fundi, ukapita kwa msusi, kwa fundi viatu, kwa muuza mboga, mpaka hatua chache kabla ya kona kuu. Wekundu ulianzia kwenye jengo la Diwani. Chini yake paliandikwa kwamba mabadiliko hayo yamefanyika baada ya kupokea na kusikiliza pingamizi la wananchi, kiwanja namba 47. Jina halikuwekwa.

Fundi alirudi ofisini siku hiyohiyo. Afisa alimkaribisha kama mwanzo. Alimweleza kwamba kamati haikuwa na uwezo wa kuongeza eneo la biashara, ilikuwa na uwezo wa kuondoa upendeleo tu, na upendeleo yeye ndiye aliyeuonyesha. Barua yake ilisomwa mbele ya kikao neno kwa neno. Watu walitikisa vichwa. Fundi aliomba arudishiwe barua, aichane. Afisa alisema barua iliyokwisha kusikilizwa hairudishwi, iko kwenye jalada, na kwamba imesaidia sana.

"Uliomba usawa, mama," alisema, na uso wake haukuwa na dhihaka yoyote. "Sasa mko sawa."

Jumatatu asubuhi askari walipita na gari. Walianza na meza ya muuza mboga. Walipofika kwa msusi wakachukua benchi, kigoda, kile kiti chenye mgongo, na kioo, ambacho kilipasuka kikiwa bado mikononi mwao. Fundi alikuwa ndani, dirisha limefungwa. Hakukanyaga cherehani siku hiyo.

Gari lilipoondoka, wanawake wa mtaa wakaja. Walisimama kwa msusi kwa kuwa mlango wake ndio uliokuwa wazi, na sauti zao zilipita ukutani bila kupungua. Muuza mboga ndiye aliyetangulia.

"Arobaini na saba ni nyumba hii. Ni wewe au ni dada yako?"

Mwingine akasema si huyu. Huyu alikuwa mwekundu, angejichomea nyumba yake mwenyewe kwa nini? Ni yule wa upande wa pili, aliyekwisha kukosa. Twendeni tukamwulize.

Fundi alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa umeshika komeo, na hakujua kama anataka kulifungua au kuhakikisha limefungwa.

"Ni mimi," mdogo wake alisema.

"Wewe?"

"Niliandika kumwombea dada. Nilitaka naye apate rangi kama yangu. Sikujua watageuza hivi."

Hiyo ndiyo barua iliyofaa kuandikwa, na mdogo wake alikuwa ameitunga sasa hivi, amesimama mlangoni, bila kalamu, vipande vya kioo miguuni pake. Fundi akamwonea wivu. Hata hapo ulimshika, wivu uleule, kana kwamba haujapata habari.

Walimwita msusi mnafiki. Walimwita mjinga mwenye kiherehere. Mmoja alisema, huruma yako itawalaza watoto wangu na njaa, na hilo ndilo lililomfanya alie, maana Fundi alimsikia akipenga kamasi. Kisha wakaondoka. Komeo lilibaki kama lilivyokuwa.

Baada ya muda ukuta ukagongwa mara moja, polepole.

"Dada. Umekula?"

"Nimekula," Fundi alisema. Hakuwa amekula.

Siku ya Jumatano karani wa leseni aliweka meza chini ya jengo la Diwani kuandikisha wanaotaka vyumba. Alitangaza mapema, ili asimpotezee mtu muda, kwamba vyumba ni ishirini na hataandika jina la ishirini na moja. Watu walikuwa wameshapanga mstari tangu alfajiri. Wengine walibeba zana zao kana kwamba wangeanza kazi palepale. Fundi viatu alikuwa na sanduku lake begani, na muuza mboga alikuwa na mizani iliyopinda.

Fundi alikuta mstari umepita watu arobaini. Mwishoni kabisa alisimama mdogo wake, na kati yake na aliyemtangulia kulikuwa na nafasi ya kupita mkokoteni. Hakuna aliyetaka kumkaribia. Alivaa kile kitenge chenye doa. Fundi alikwenda kusimama nyuma yake, lakini muuza mboga alikwisha kumwona, akatoka mstarini, akamshika mkono.

"Wewe usikae huko, mama. Njoo mbele. Umeumizwa na damu yako mwenyewe."

Fundi akasema hapana, hapa panatosha. Muuza mboga hakumsikiliza. Aliwaambia wa mbele wampishe, na walikuwa watu wema, wakampisha. Fundi viatu aliondoa sanduku lake njiani. Mwanamke mmoja alimrekebishia kola ya gauni iliyokuwa imejikunja.

Alitazama nyuma. Mdogo wake alimwinulia kidevu kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake nenda, usinisubiri.

Fundi akapita. Mikono ilimgusa bega, mmoja mmoja, ikimsogeza mbele, na kila alipopita watu wakasogea kuziba pengo. Walibanana wote mpaka mwisho, isipokuwa pale mbele ya mdogo wake, ambapo nafasi ilizidi kuwa kubwa.