Watoto Wasiitike

Mlangoni mwa jumba la kale, mwongoza wageni alichana tiketi, akamtazama mama na watoto wake wawili, akasema kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuyasema hayo tangu asubuhi, "Kung'uteni viatu. Picha msizishike. Na watoto wakiitwa kutoka ghorofani, wasiitike."

"Nani anaita?"

"Bibi mwenye nyumba. Alifariki zamani, ila kiu haijamtoka."

Mama aliwashika wanawe mikono. Mdogo hakumtia wasiwasi. Yule hata akiitwa kula huitika akijisikia. Hofu yake ilikuwa kwa mkubwa, binti wa miaka sita mwenye adabu zake. Samaki mkunje angali mbichi, na mama alimkunja kwelikweli: ukiitwa mara moja, itika, kunyamaza ni jeuri. Majirani walimsifia malezi. Leo alizijutia sifa zile.

Sebuleni watoto watumishi wa nyumba walikuwa kazini, wote wasichana, miguu peku, wakifuta vumbi chini ya makabati. Wageni waliwapisha, wakaendelea kutazama sahani za ukutani.

"Hawa waliitika," alieleza mwongoza wageni. "Waliletwa wadogo, wakabaki wadogo." Kisha akaonyesha kibao cha shaba kilichosema kwamba bibi alipenda sana watoto.

"We mtoto!" Sauti ilishuka ngazi. "Maji!"

Mama alimziba binti mdomo, akalihisi neno likisukuma kiganja chake.

Walipotokea bustanini mama alishusha pumzi. Nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri, na mdogo akaanza kukimbia, akaanguka kwenye changarawe, akaangua kilio. Mama aliinama kumpuliza goti. Hapo ndipo alipouachia mkono wa binti.

"We mtoto!"

"Abee," aliitika binti, vizuri, kama alivyofundishwa.

Mama alipogeuka, viatu vya binti vilikuwa kwenye nyasi, vimepangwa. Mwenyewe alikuwa anapanda ngazi za baraza, peku, na sinia la bilauri mikononi. Mama alimnyakua mdogo, akakimbia, akamshika binti bega. Halikuvutika. Macho ya binti yalimpita kana kwamba ni mgeni mwenye tiketi.

"Ameshaingia kazini, mama," alisema mwongoza wageni. "Jaribu jina lake. Humu hakuna aliyewahi kuitwa kwa jina."

Mama akalitaja jina la binti, na la baba yake, na la babu yake.

"Abee, mama." Binti akaliweka sinia chini, akamshika mama yake nguo.

Nyumba nzima vitambaa vya kufutia vumbi vilisimama. Wasichana walitoka chini ya makabati, nyuma ya mapazia na jikoni, wakajipanga mbele ya mama, nyuso juu, wakingoja zamu zao. Mama roho ilimuuma. Alitaja majina ya shangazi zake, ya mama zake wadogo, ya wenzake aliosoma nao. Hakuna aliyeitika, na hakuna aliyeondoka kwenye mstari.

"Majina yao anayajua nani?"

"Hakuna aliyewahi kuwauliza," alisema mwongoza wageni. "Na tafadhali punguza sauti, kuna wageni wengine."

"We mtoto!"

"Abee," waliitika wote wa mstarini kwa pamoja, na aliyekuwa karibu akaliokota sinia.